Kutoka Gati la Amu hadi Lenana: Kuchagua Buti na Meno ya Kukanyagia Barafu

Vidato vya chini vya ngazi za gati hapa Amu, yaani Lamu, maji yakipwa, hubaki na utando wa kijani unaoteleza kuliko sabuni. Mtoto wa hapa hafundishwi darasani namna ya kuvishuka. Humtazama mamake: unyayo wote unatua kwa pamoja, hatua fupi, uzito wote juu ya mguu ulio chini, mkono mmoja tayari kushika. Ujuzi huo ndio nitakaoutegemea katika mwongozo huu. Kila mwaka vijana wa Langoni na Shela huniuliza kuhusu kupanda Mlima Kenya, na swali lao la kwanza huwa ni koti. Koti ni muhimu, nami nitaligusa. Lakini wenzetu waliorudi wakichechemea, wote niliowaona, waliponzwa na mguu uliokosa pa kushika.

Mimi pia yalinifika. Mara ya kwanza nilipanda mwezi wa Januari na buti nzuri zenye soli nene, makwaruzo yake marefu kama ya tairi la trekta. Chini kidogo ya kilele cha Lenana, alfajiri na mapema, nilikanyaga mwamba uliofunikwa na barafu nyembamba kama chemni ya taa. Sikuiona. Mguu uliondoka kabla sijajua umeondoka, nikateremka urefu wa mashua nzima hadi jiwe liliponizuia. Goti lilichanika, kiganja kikachubuka, na nilirudi chini nikiwa nimeshikwa mkono. Siku ile nilikosa jicho la kuitambua barafu, na sikuwa na meno ya chuma ya kuvalia juu ya buti, ambayo yana uzito wa chini ya nusu kilo na yanaingia mfukoni.

Hatua ya kwanza: jua njia yako na mwezi wako

Mlima Kenya uko karibu mno na ikweta, kusini yake kidogo tu, kwa hiyo hauna kipupwe cha miezi mitatu kama cha Ulaya. Kipupwe chake huja kila usiku na kuondoka kila mchana. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vilele vya wakwea miamba kwa kamba. Sisi wengine huenda Lenana, mita 4,985, kwa miguu. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiondoka Amu kwenye nyuzi 28, hesabu hiyo inakufikisha nyuzi 4 chini ya sifuri kileleni, na hapo hatujataja upepo wala saa za usiku.

Watu wa pwani tuna kalenda nzuri ya mlima bila kujua. Kaskazi ikishatulia, Januari na Februari, ndipo mlima nao unapokuwa mkavu. Kusi ikivuma, Julai hadi Septemba, huja kiangazi cha pili. Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Disemba, huleta matope chini, theluji juu na ukungu katikati. Anayepanda kwa mara ya kwanza aiache miezi hiyo.

Ila kiangazi hakimaanishi njia isiyo na barafu, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwezi wa Januari jua huwa limeelekea kusini, kwa hiyo upande wa kaskazini wa mlima hupata jua chache na barafu yake hukaa. Mwezi wa Julai na Agosti mambo hugeuka: kaskazini hukauka, kusini hushika baridi. Sasa linganisha na njia. Njia ya Sirimon hupitia kambi ya Old Moses, mita 3,300, kisha Shipton, takriban mita 4,200, na humalizia kupanda Lenana kwa upande wa kaskazini. Njia ya Naro Moru hupitia Met Station, mita 3,050, na Mackinder, nayo takriban mita 4,200, kisha hupanda kwa upande wa kusini-magharibi karibu na barafuto ya Lewis, ule mto wa barafu ambao miaka hii umebaki kipande kidogo tu. Kwa hiyo anayepanda Sirimon mwezi wa Januari na anayepanda Naro Moru mwezi wa Agosti wote wawili wajiandae kukuta barafu saa za mwisho, hata kama mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa.

Juma moja kabla ya kuvuka kwenda Mokowe, gati la upande wa bara, mpigie simu kiongozi wa mlima utakayefuatana naye. Usimwulize kama hali ni nzuri, maana atakujibu kuwa ni nzuri. Mwulize theluji mpya ilianguka lini mara ya mwisho. Mwulize juu ya kambi ya mwisho njia ina nini: kokoto, theluji, au barafu ngumu. Na mwulize waliopanda juzi walivaa nini miguuni. Majibu matatu hayo yanatosha kuamua utakachobeba.

Hatua ya pili: jifunze kutambua unachokanyaga

Sisi tuna neno moja, barafu, kwa mambo mengi. Mlimani inabidi uyatenganishe, kwa kuwa kila moja lina dawa yake.

Theluji mpya iliyo kavu haina matata mengi. Mguu huzama kidogo, soli nzuri hushika, na tabu yake kubwa ni kuchosha, kama kutembea mchanga wa juu kabisa wa Shela pale mawimbi yasipofika.

Theluji iliyokanyagwa ni jambo jingine. Watu ishirini wakipita mahali pamoja huishindilia. Jua la mchana huilainisha juu, usiku hugandisha yale maji, na kesho yake alfajiri unakuta ukanda unaong'aa kwenye mwanga wa tochi. Njia ya Lenana ikiwa na theluji, hii ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Hapa mpira umeshindwa. Baridi huukaza mpira wa soli, makwaruzo hayana cha kuuma, na uzito wako wote unasimama juu ya uso laini. Barafu hii hushikika kwa chuma kilichochongoka.

Ya tatu ndiyo iliyoniangusha: maji yaliyoganda juu ya mwamba, unene wa milimita chache, yasiyoonekana. Hutokea mchana ulipoyeyusha theluji ya juu, maji yakatiririka juu ya mawe, kisha usiku ukayakamata. Hata meno ya chuma hayaipendi, maana yanaipasua na kukutana na jiwe. Dawa yake ni kuitafuta kwa macho na fimbo. Jiwe linalong'aa kama limelowa ilhali kumekucha kwa baridi kali, lihesabu kuwa barafu hadi fimbo ikuambie vingine. Kanyaga penye kokoto, penye theluji iliyokwaruzika, au penye mwamba wenye rangi iliyofifia.

Halafu kuna theluji ya saa nne asubuhi, iliyokwisha lainika na kujaa maji. Hii hujikusanya chini ya kiatu na kuganda kwenye meno hadi unakuwa kama umesimama juu ya tufe. Nitairudia kwenye kushuka.

Hatua ya tatu: buti kwanza, meno baadaye

Meno hufungwa juu ya kiatu. Kiatu kikiwa kibaya, unakifungia chuma kitu kibaya.

Wengi wetu hununua mitumba, na mitumba inatoa buti ambazo dukani zingegharimu mara nyingi zaidi. Lakini ziko zinazoua safari. Soli ya katikati ya buti nyingi, ile tabaka laini kati ya ngozi na mpira wa chini, hutengenezwa kwa poliurethani. Kitu hiki huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa siku moja, na joto letu la pwani huharakisha. Kwa macho kinaonekana kipya. Siku ya kwanza ya kutembea, soli nzima inabanduka kama ganda la ndizi. Rafiki yangu ilimtoka jioni ya kwanza, akamaliza safari na viatu vya mpira vya kuazima.

Kwa hiyo ukiwa sokoni, chukua buti na uibonyeze hiyo tabaka ya katikati kwa kucha ya dole gumba. Ikiwa inarudi kama mpira, sawa. Ikiwa inabaki na shimo, inapasuka nyufa ndogo au inatoa unga, irudishe. Ikunje pia mara kumi na utazame mstari ambapo soli hukutana na ngozi. Fundi viatu anaweza kushona mshono uliofumka na kugundisha ncha iliyoachia. Tabaka iliyooza hakuna gundi inayoishika, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo kabla hajachukua pesa yako.

Ukubwa. Miguu yetu iliyokulia ndara na peku imepanuka mbele, na buti nyingi zimekatwa kwa miguu myembamba. Buti inayobana huzuia damu, na kidole kisichopata damu hukosa joto, hata ukivaa soksi tatu. Soksi tatu ndizo huzidisha kubana. Jaribu buti jioni, mguu ukiwa umevimba kwa shughuli za siku, ukiwa na soksi nene moja ya sufu. Kisha simama kwenye ngazi za nyumba, zile za mwinuko mkali zilizoko nyumba za mji wa kale, ushuke polepole. Vidole vikigonga mbele, chukua iliyo kubwa zaidi kwa nusu namba au namba nzima. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, hiyo siyo yako.

Soli iwe ngumu kiasi gani? Shika buti mbele na nyuma uikunje. Ikikunjika kama kiatu cha michezo, itafaa njia ya kokoto na minyororo ya meno ambayo nitaieleza. Ikikataa kukunjika, ndipo inafaa kubeba kramponi, ile fremu ngumu ya chuma yenye meno marefu. Watengenezaji huziweka buti kwenye madaraja ya herufi B: B0 haifai kramponi kabisa, B1 hukubali za mikanda, B2 na B3 ni za kazi nzito. Kwa Lenana sijaona haja ya kupita B1, na wengi hufika kwa B0 na minyororo.

Buti ifunike kifundo cha mguu na izuie maji. Njia ya Naro Moru, juu ya Met Station, ina kinamasi cha mwinuko kinachomlowesha kila mtu, na kiatu kilicholowa mchana huwa jiwe usiku.

Hatua ya nne: chagua meno

Kuna vifaa vya aina nne utakavyoonyeshwa, na muuzaji anayetaka kuuza atakuambia vyote ni sawa.

Cha kwanza ni vile vya nyaya zilizozungushwa kama springi juu ya mpira. Vilibuniwa kwa watu wa miji ya baridi kwenda dukani bila kuanguka kwenye barabara tambarare. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani huvitumia, na kwa kazi hiyo vinafaa. Mlimani vinakatika kwenye mawe, na kwenye mwinuko havishiki. Ukiletewa zawadi ya hivi kutoka ng'ambo, shukuru, lakini usipande navyo.

Cha pili ni minyororo ya meno, ambayo madukani utaisikia ikiitwa maikrospaiki. Ni duara la mpira mnene linalovutwa kuzunguka buti, chini yake kuna minyororo iliyobeba meno ya chuma kumi au zaidi kwa kila mguu, kila jino urefu wa takriban sentimita moja. Jozi nzima ina uzito wa takriban gramu 350 hadi 400. Inavaliwa juu ya buti yoyote, hata laini, kwa dakika moja. Fikiria njumu za mpira zinazovuliwa na kuvaliwa. Kwa theluji iliyokanyagwa na kuganda kwenye njia ya Lenana, hii ndiyo chaguo langu, nami humshauri kila mgeni wa mlima aanze nayo.

Mipaka yake ni hii. Meno yote yako chini ya unyayo, hakuna yanayotazama mbele. Mwinuko ukishakuwa mkali hadi unapanda kwa ncha za vidole na kisigino kinaning'inia, meno mengi yamekosa kazi. Mpira nao, mteremko wa pembeni ukizidi, huteleza upande na kiatu kinatoka kwenye mnyororo. Hilo likianza kutokea mara kwa mara, umefika mahali pasipo pake.

Cha tatu ni kramponi: fremu ngumu ya chuma yenye meno 10 au 12 marefu, mawili yakitazama mbele. Hii ni kwa mteremko mkali wa barafu na kwa barafuto. Nazo zina madaraja, C1, C2 na C3, yanayolingana na yale ya buti: C1 hufungwa kwa mikanda mbele na nyuma, C2 ina kibano cha kisigino, C3 ina kibano nyuma na waya mbele. Kramponi ngumu juu ya kiatu laini ni hatari, kwa kuwa kiatu kinakunjika na fremu haikunjiki, hivyo inaachia au inavunjika ukiwa katikati ya mteremko. Na meno marefu hudai mafunzo. Asiyefundishwa huchoma suruali yake mwenyewe kwa jino la mguu wa pili, akaanguka kifudifudi. Kama kiongozi amekuambia juma hili kunahitajika kramponi na shoka la barafu, basi anatakiwa akufundishe nusu siku kambini, ikiwemo namna ya kujizuia ukianza kuteleza. Asipokuwa na nafasi hiyo, subiri msimu mwingine.

Tofautisha pia chuma na alumini. Alumini ni nyepesi, nayo hupunguka meno haraka kwenye mawe. Njia yetu ina mawe zaidi kuliko theluji. Chukua chuma.

Cha nne ni ufundi wa nyumbani: skurubu fupi za kichwa cha pembe sita, urefu wa takriban sentimita moja, zinazokazwa kwenye vitalu vya mpira wa soli hadi kichwa kibaki nje. Nimeona zikifanya kazi kwenye barafu ya njia isiyo na mwinuko mkubwa. Zina faida ya bei. Lakini skurubu ikizidi urefu hupita soli na kukuchoma, ikipungua hung'oka, na kwenye mwamba mkavu unatembea juu ya vichwa vya chuma vinavyoteleza kama sarafu juu ya marumaru. Huwezi kuzivua unapofika penye mawe. Kwangu zinabaki kuwa msaada wa mwisho.

Hakuna lazima ya kununua. Nanyuki na Naro Moru viongozi na wenye vifaa hukodisha. Ukikodi, kagua mwenyewe mchana, kabla ya kulipa: vuta duara la mpira kwa nguvu utafute nyufa, hasa kwenye matundu linaposhikana na mnyororo. Hesabu meno ya kila mguu. Gusa ncha. Jino lililoviringana kama kidole halitashika. Na uvae juu ya buti yako mwenyewe, utikise mguu, upige teke hewani. Ikizunguka, ni kubwa.

Hatua ya tano: fanyia mazoezi hapa hapa Amu

Jaribio hili nililianza na vijana wa Shela, na sijui lingine linalofundisha haraka hivyo. Nenda asubuhi kwa wanaouza barafu ya wavuvi, ile ya mapande ya kuwekea samaki. Nunua pande moja bapa, liweke juu ya gunia barazani. Likiwa limetoka tu kwenye baridi, kavu, liguse kwa kidole: linanata. Chukua buti kwa mkono, ikandamize juu yake na uisukume. Inakataa kidogo. Sasa ngoja dakika kumi hadi uso uanze kulowa, usukume tena. Inakwenda yenyewe. Umeelewa kwa mkono wako kwa nini barafu inayoyeyuka huteleza kuliko iliyoganda sana, na kwa nini saa ya kupita mahali ni muhimu kama kiatu. Kisha ivalishe buti ile ile minyororo ya meno, ukandamize, usukume. Hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi.

Usisimame juu ya pande lile. Mkono unatosha.

Zoezi la pili ni kuvaa meno gizani. Zima taa, vaa glavu nene, weka tochi ya kichwani, na uvae minyororo miguu yote miwili ukiwa umeketi, kisha ukiwa umesimama umeegemea ukuta. Anza na vidole: ingiza mbele, vuta nyuma hadi juu ya kisigino. Alama ya mbele ikae mbele. Rudia hadi uweze kwa dakika mbili. Mlimani vidole vitakuwa vimekufa ganzi, na mpira wenyewe huwa mgumu kwa baridi.

La tatu ni miguu. Ufuo wa Shela una urefu wa takriban kilomita 12. Tembea nao ukiwa na buti zako na mzigo mgongoni, kwenda kwa mchanga laini, kurudi kwa mchanga mgumu wa maji kupwa, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Hakuna mazoezi ya usawa wa bahari yatakayokuzoesha hewa nyembamba ya juu. Hiyo huzoewa kwa kupanda polepole, na ukishapita mita 3,000 usizidishe mita 500 kati ya kulala kwa leo na kulala kwa kesho, na pale ambapo kambi ziko mbali zaidi ya hivyo, ongeza siku ya kupumzika. Lakini kifundo kilichozoea mchanga hakikunjiki ovyo kwenye kokoto.

Hatua ya sita: usiku wa kilele

Usiku wa mwisho kambini, ingiza buti ndani ya mfuko wa plastiki, uzilaze nawe ndani ya begi la kulalia au angalau kando ya miguu. Zikiachwa mlangoni zitaganda na kamba zake zitakuwa vijiti. Minyororo iweke juu kabisa ya mzigo, au mfuko wa koti. Iliyo chini ya kila kitu haitavaliwa, kwa kuwa hakuna atakayetaka kufungua mzigo kwenye upepo ule.

Makundi mengi huondoka kambi ya mwisho saa nane au saa tisa za usiku ili kufika kileleni jua linapochomoza, kama saa kumi na mbili na nusu. Sababu iliyo kubwa kuliko picha ni kwamba saa hizo kokoto zimeshikana kwa baridi na hazirudishi mguu nyuma, na theluji ni ngumu, inayong'atika vizuri kwa meno.

Vaa meno kabla ya kuyahitaji. Ukiona ukanda unaong'aa mbele, simama pale penye kokoto, keti, vaa. Anayesubiri hadi aanze kuteleza hulazimika kuinama na kuvaa akiwa amesimama juu ya kile kinachomtelezesha. Na ukifika penye mawe matupu kwa mwendo mrefu, yavue, yasije yakaharibika na yakakuangusha. Kuvaa na kuvua mara tatu njiani ni kawaida.

Kutembea ni kule kwa vidato vya gati. Unyayo wote utue kwa pamoja ili meno yote yaume. Miguu iachane kidogo kuliko kawaida ili jino lisinase suruali. Hatua fupi, goti limelegea, usikokote mguu. Kwenye mwinuko, geuza ncha za miguu nje kidogo na upande kwa mshazari. Fimbo mbili husaidia kuliko moja.

Jambo la sala ya alfajiri huulizwa sana, na ni haki liulizwe. Wakati huingia mkiwa njiani, kwenye baridi kali. Waulizeni masheikh kabla ya safari kuhusu tayamamu na kupangusa juu ya viatu, ambako msafiri ameruhusiwa siku tatu na nyusiku zake kwa masharti yake. Kwa upande wa mlima nina mawili tu: chagueni mahali tambarare palipokingwa na upepo, na vaeni koti zito kabla ya kusimama, kwa kuwa jasho la kupanda hugeuka baridi ndani ya dakika chache. Kwa sababu hiyo pia, kikoi na fulana za pamba ziache nyumbani. Pamba ikilowa haikaushwi na mwili. Sufu, au vitambaa vya plastiki vya wanamichezo, ndivyo vya kuvaa karibu na ngozi.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Miguu imechoka, moyo umetulia, na jua limeanza kulainisha njia. Usivue meno kwa sababu tu kumekucha. Theluji ikianza kujikusanya chini ya buti, gonga upande wa buti kwa fimbo kila baada ya hatua chache hadi tufe lidondoke. Egemea mbele kidogo, ingawa mwili unataka kurudi nyuma. Anayerudi nyuma hutua kwa kisigino, na kisigino ndicho huteleza kwanza, gatini na mlimani.

Saa ya kugeuka iwekwe kambini, kabla ya kuanza. Mimi huweka saa moja na nusu asubuhi: popote tulipo, tunarudi. Meno yakikatika mguu mmoja, tunarudi. Mwenzetu akianza kuyumba, kutapika au kuongea maneno yasiyofuatana, hiyo si baridi tu, ni hewa, na dawa yake ni kushuka pale pale.

Hatua ya saba: ukirudi Amu

Hewa yetu ya chumvi hula chuma hata kilichotundikwa ukutani. Minyororo iliyowekwa na unyevu wa mlima ndani ya mfuko wa plastiki itakuwa na kutu kabla ya mwezi kuandama. Ioshe kwa maji baridi ya kunywa, uitandaze kivulini siku mbili, kisha upitishe kila jino na kila kiungo kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Mpira usiupake mafuta, huuozesha. Upanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na uuweke mbali na jua. Meno yaliyobutuka yanolewe kwa tupa ya mkono, kwa kufuata ubapa wake wa asili, bila jiwe la umeme linalochoma chuma na kukilegeza.

Buti nazo toa kamba na soli ya ndani, jaza magazeti, zikae kivulini hadi zikauke kabisa. Zihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa mahali penye upepo, juu ya kabati, na kila baada ya miezi mitatu uzivae siku moja na kubonyeza ile tabaka ya katikati kwa kucha. Akija kijana kuziazima, mbonyezee mbele yake, umhesabie meno ya minyororo mguu wa kulia na wa kushoto, ndipo umpe.